Kindi Aliyekaa Nawe Nikiwa Owino

Sifa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele hapa jirani kwa Mama Zaituni, na kicheko chenu kinanifikia huku ndani. Nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu kwingine kote umetandaza vitu. Kesho asubuhi unapanda basi la Kisoro. Mambo ya kula, ya kulala, ya kujihadhari na watu wa njiani, hayo sitayaandika. Nimeyasema mwezi mzima, mpaka sasa unanimalizia sentensi kabla sijafika katikati. Nataka kukuandikia juu ya ile katuni tuliyoitazama Jumapili, maana tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Ulikuja na simu mkononi unacheka. "Mama, nimeipata. Ile ya kindi. Unajua watu wanasema nini? Wanasema ni kati ya filamu mbaya kabisa za watoto zilizowahi kutengenezwa."

Nikacheka pia. Kwangu mimi ilikuwa sanduku la sauti tu, kitu nilichokuwa nakiwasha asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sikuwahi kukaa nikaitazama mpaka mwisho. Hilo hukulijua, na niliona uso wako ulivyobadilika nilipokuambia.

"Hata mara moja, Mama?"

"Hata mara moja."

Basi tukaegemeza simu kwenye sufuria, tukakaa kitandani, tukatazama. Na kweli ni mbaya. Yule kindi ana manyoya kama uzi wa nailoni. Macho yake hayamwangalii anayeongea naye. Anapotembea, miguu haikanyagi chini, inaelea kidogo juu ya majani. Mdomo unafunguka wakati maneno yameshapita. Na yale maji ya mto yalikuwa kama turubai la buluu linalovutwa na mtu aliyejificha. Nilitaka kusema, ndiyo hii? Ndiyo hii niliyokuachia ikulee?

Lakini wewe ulisogeza uso karibu na simu. Halafu ukasema, "Siyo yenyewe. Haina yule mtu."

Ninakukumbusha ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo na mengine huenda umeyasikia vipande vipande. Tulipofika Kampala ulikuwa hujafikisha miaka mitano. Tulikimbia vita, tukavuka mpaka kwa miguu, wewe mgongoni. Baba yako alituacha barabarani akarudi nyumbani kumchukua mama yake, akasema atatukuta mbele. Tulingoja mbele, na mbele ya hapo, mpaka mtaa huu wa Namuwongo. Hakuja. Sikukueleza hilo kwa maneno mengi, na leo pia siwezi.

Chumba tulichopata kilikuwa bondeni, reli upande mmoja, mfereji mkubwa upande wa pili. Sikumjua mtu. Kiganda sikukijua. Mwanamke mmoja tuliyesali naye alinitafutia nafasi ya kumsaidia kuuza mitumba ya watoto katika soko la Owino, na nikienda Owino sikuwa na wa kukuachia. Mwanzoni nilikuchukua. Siku moja ulichomoka mkononi mwangu katikati ya wabeba mizigo, na kabla sijakupata nilikuwa nimeshakuzika mara nyingi moyoni. Baada ya hapo nilinunua kufuli.

Naomba unielewe vizuri, kwa sababu hili ndilo ninalotaka ulijue kabla hujaenda. Sikukufungia kwa hasira, wala kwa uvivu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa treni, mfereji, wanaume waliokaa karibu na reli, magari, na watu wanaoiba watoto ambao kila mtu alinisimulia na hakuna aliyewahi kuwaona. Kila asubuhi nilihesabu hatari zote za nje, na nilipofunga mlango nilihisi nimezishinda. Nilikuachia uji, maji ya kunywa na ndoo. Televisheni ndogo na deki nilipewa na yule mwanamke wa Owino, pamoja na diski moja. Nilikuwa naiweka irudierudie siku nzima. Nilijisemea, angalau ana mtu wa kuongea naye.

Na kweli ulikuwa na mtu. Ile ilikuwa diski ya viijei, kama zilivyo nyingi za hapa: mtu ameketi na kipaza sauti, anaongea Kiganda juu ya filamu ya Kizungu, anatafsiri anachojua na anatunga asichojua. Sauti yake ilikuwa nzito, ya haraka, kama mtu anayetangaza mpira. Nilikuwa namsikia dakika chache tu asubuhi, nikifunga kilemba changu, na neno lake sikuelewa hata moja.

Jumapili ndipo ulipoanza kunitafsiria. Simu ilikuwa inaongea Kiingereza, wewe ukaipunguza sauti, ukakaa wima, ukaongea kama yeye. Miaka yote hii, na bado ulikuwa na kila neno lake. Kindi alipotoka shimoni mwake, ukapaza sauti nzito ukatangaza kwamba huyu anaitwa Kato, mtoto wa bondeni, mkorofi kuliko wote. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Kisha ikaja pale ambapo mama kindi anamwingiza mtoto shimoni, anasukuma jiwe, anaziba mlango. Katika Kiingereza mama hasemi kitu, kuna muziki tu. Ukasema kwa ile sauti, polepole, Kiganda kwanza, halafu ukanigeuzia kwa Kiswahili:

"Usilie, Kato. Mama ameenda Owino. Mama atarudi na chakula."

Niliacha kucheka.

"Alisema Owino?" nikakuuliza.

"Alisema hivyo. Mimi nilidhani anakujua, Mama. Nilidhani ulimwambia."

Viijei yule alitaja Owino kwa sababu alitaka watu wa Kampala wacheke. Hakujua kuna mtoto nyuma ya kufuli huko Namuwongo ambaye mama yake yuko Owino kweli. Nami sikujua. Nilikuachia sauti ya mwanamume nisiyemjua na sikujua inakuambia nini. Ingeweza kukuambia chochote.

Halafu ukanisimulia siku ya mafuriko.

Upande wangu wa siku ile unaujua, nimeusimulia mara nyingi, na kila mara nimeusimulia kama habari ya mvua. Mvua ilianza tukiwa tumetandaza nguo. Tulifunika na plastiki, tukangoja ipungue kama tunavyongoja siku zote. Haikupungua. Mtu mmoja akapita akisema bonde lote la Namuwongo limejaa. Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi, na ulikuwa unanigonga kifuani nikikimbia.

Nilipofika, mlango ulikuwa umelala kwenye matope. Ndani maji yalinifika magotini. Televisheni ilikuwa imeinama kwenye kona. Wewe hukuwepo. Nilipiga magoti ndani ya yale maji, nikaanza kukutafuta kwa mikono chini ya kitanda. Nilishika kiatu, nikashika sufuria, nikashika kitu laini. Kilikuwa blanketi. Sifa, mikono yangu bado inalijua lile blanketi. Nikifua kitu kizito kwenye beseni, hata leo, kuna wakati nasimama kidogo.

Kisha nikasikia Mama Zaituni ananiita kutoka juu, kwenye nyumba yake. Ulikuwa umekaa kwake umevaa gauni la binti yake, unakunywa chai. Na mimi, badala ya kumwangukia miguuni, nilimfokea. Nilimuuliza ni nani aliyemruhusu kuvunja mlango wangu. Niliogopa kiasi kwamba nilitafuta mtu wa kumkasirikia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Unamjua Mama Zaituni. Wanubi wa ukoo wake wamekaa kwenye kambi za jeshi tangu babu wa babu, hawatishwi na kelele. Alingoja nimalize. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kampala:

"Wewe umemaliza? Sasa sikia. Mi nasikia sauti kwako inapiga kelele. Mi nasema, hii ni ile televisheni yake, kila siku inapiga kelele. Mi nakaa. Halafu naangalia, kwangu taa hakuna. Mtaa mzima umeme hakuna. Nauliza, sasa hii televisheni inaongea na umeme gani? Ndiyo nachukua mchi, nakuja."

Alivunja bawaba kwa mchi wa kinu. Siku zote nimeijua sehemu hiyo, na watu huicheka anapoisimulia. Nilidhani ulikuwa unalia tu, na yeye akachanganya kilio na televisheni. Jumapili ndipo ukaniambia ulichokuwa unafanya.

Ulisema umeme ulipokatika, kindi alipotea na sauti ikapotea. Ukasikia maji yanaingia chini ya mlango. Ukapanda mezani, kando ya televisheni. Uliniita. Ukajua nipo Owino, kwa sababu yule mtu alikuambia kila siku nipo Owino. Kwa hiyo ukamwita yeye.

"Nilimwita yule mtu wa kwenye filamu," ulisema. "Yeye ndiye alikuwa mkubwa aliyekuwa ndani. Nikagonga kioo. Nikangoja ajibu. Hakujibu, nikadhani hanisikii kwa sababu naongea Kiswahili. Ndiyo nikaita kama anavyoita yeye."

Ukaniitia pale pale, kitandani, kwa ile sauti nzito: "Bannange! Bannange!" Jamani, wenzangu. Mtoto mdogo juu ya meza, gizani, anaita kwa sauti ya mwanamume, kwa lugha aliyojifunza peke yake. Ndiyo sababu Mama Zaituni alidhani ni televisheni. Na ndiyo sababu nusura akae asije.

Simu ilikuwa bado inaendelea. Kindi alikuwa amerudi nyumbani baada ya misukosuko yake, anamwomba mama yake msamaha kwa kutoka, na mama anamkumbatia kwa ile mikono isiyogusana. Wewe uliona filamu imekwisha, ukaizima, ukaenda kutia chai. Mimi nilibaki naangalia kioo cheusi. Filamu ile inakubaliana na mimi, Sifa. Inasema mama alifanya vizuri kuziba mlango. Watu wanaisema vibaya kwa ajili ya manyoya na macho. Mimi hilo la mama ndilo lililonitisha.

Baada ya mafuriko, nikutajie na hili, nilinunua kufuli lingine. Kubwa zaidi. Mama Zaituni aliliona, akaja, akasimama mlangoni na mkono wazi. "Funga," akasema. "Mi sikatazi. Lakini ufunguo moja inakaa kwangu." Nilimnyima kwa siku kadhaa. Nilikuwa namwogopa yeye pia, mwanamke aliyekutoa majini. Hivyo ndivyo woga unavyofanya kazi ndani yangu: hauchagui. Siku nilipompa ule ufunguo, hakufungua mlango wa chumba chetu tu. Alikuja akakuchukua asubuhi ileile, ukacheza nje na watoto wake, na mimi nikaja kuambiwa jioni. Treni ilipita siku ile kama kawaida yake. Wewe ulikuwa umesimama mbali nayo pamoja na wenzako, mnaipungia mikono.

Sasa unakwenda Kisoro, kule mpakani, kwenye kituo cha kupokea watu wanaovuka kutoka kwetu. Wamekuchukua kwa sababu wewe ni muuguzi na kwa sababu unaongea Kiswahili cha mama yako. Ungeweza kupata kazi hapahapa, nimekuambia, na umenijibu, na umenijibu vizuri. Sitarudia. Ila nataka ujue kwamba pale unapokwenda ndipo nilipofikia mimi. Barabara ile ninaijua kwa nyayo. Ninajua milima ile inavyorudisha mlio wa bunduki, mpaka hujui umetoka upande gani. Unaposema "Mama, ni upande wetu wa mpaka," mimi nasikia neno mpaka tu.

Siku tuliyovuka, palikuwa na muuguzi wa kike, bado kijana. Alitaka kukupima uzito, akanyoosha mikono akutoe mgongoni mwangu. Nilimng'ata. Sijawahi kumwambia mtu. Nilimng'ata kwenye mkono, karibu na kifundo, na sikuachia upesi. Nilikuwa nimetoka kumpoteza mume barabarani, na mtu mgeni ananyoosha mikono kwa mtoto. Hakupiga kelele. Alingoja mpaka nilipoachia, akaufuta mkono wake kwenye sketi, akasema, "Basi, mama. Pandeni wote wawili." Tukapanda kwenye mizani wote wawili, wewe mgongoni. Akaandika. Kesho yake akanipima mimi peke yangu, ukiwa umelala karibu na miguu yangu, akatoa uzito wangu katika ule wa jana. Uzito wako ulikuwa mdogo sana.

Utawaona wanawake kama mimi. Sijui nikushauri nini juu yao, maana wewe umesomea na mimi sikusomea. Najua tu kwamba yule kijana angeweza kuniita mwendawazimu, na ningekuwa mwendawazimu mpaka leo katika kumbukumbu zangu. Aliniacha niwe mama aliyeogopa. Simjui jina.

Nimekaribia kumaliza. Lipo jambo la leo mchana, na hili nalo unalijua upande wako tu.

Ulipokuwa bombani ukifua, simu yako iliita hapa ndani ikiwa kwenye chaji. Nikapokea. Alikuwa mkuu wa wauguzi wa kituo. Akanisalimu vizuri, akauliza kama mimi ni mama yako, kisha akasema, "Mama, usiku uliopita tumesikia risasi ng'ambo ya kilima. Upande wetu hakuna kilichotokea, lakini watu wameanza kuvuka kwa wingi. Ninawapigia wote wanaotakiwa kuanza kazi. Anayetaka kungoja kwanza angoje, hakuna atakayemlaumu. Nimwandike Sifa kwamba anangoja?"

Hakuna swali rahisi kuliko hilo ambalo nimewahi kuulizwa. Ndiyo, tu. Neno moja, na kesho usingepanda basi. Ungedhani ni wao walioahirisha. Yule mama akasema, "Haloo? Bado upo?"

"Nipo," nikasema. "Anafua. Acha nimwambie, atakupigia mwenyewe."

Kutoka hapa mpaka bombani si mbali. Leo palikuwa mbali. Njiani nilijaribu namna za kukuambia. Nilijaribu kusema risasi nyingi. Nilijaribu kusema kituo kimefungwa kwa muda. Nilipofika kwako nilikuambia yale yale aliyoniambia, kwa mpangilio uleule, na nilipomaliza nilinyamaza, na kunyamaza kulinichosha kuliko kukimbia. Ulifuta povu kwenye kanga. Ukachukua simu, ukatembea nayo upande wa reli, na nikakuona mgongo wako tu. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa kama vile yule mama anakuona. Sikukufuata nisikie. Nilisuuza nguo zako ulizoziacha kwenye beseni.

Uliporudi hukuniambia umejibu nini. Uliniuliza, "Mama, lile sweta la kijivu, lile zito, liko wapi?"

Nikakuonyesha. Ukalikunja, ukaliweka juu kabisa ya begi, kwa sababu basi likifika Kisoro kunakuwa na baridi na utalihitaji kabla ya kitu kingine. Kisha ukaenda kusukwa.

Naogopa, mwanangu. Sitakudanganya kwamba nimeacha, na sijui kama mtu huacha. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi, nitaongea mambo ya maji ya kunywa na chenji ya nauli, kwa hiyo haya nimeyaandika leo. Utapiga simu ukiweza. Usipoweza, nitakaa na Mama Zaituni, na yeye atanifokea, na kutakucha.

Lile sweta ulilikunja vibaya, kwa haraka, mikono imetoka nje. Nimelitoa sasa hivi, nimelikunja upya, nimelirudisha palepale juu.

Mama yako,
Faida